Rejioni ya 22, rejioni ya 33: jenerali wa mjini ana kazi gani vitani?

SWALI: Jambo Papa. Niko hapa Kamalondo, Lubumbashi. Mdogo wangu ni askari, walimtuma Kivu. Redioni nasikia "rejioni ya 22", "rejioni ya 33". Namba hizi ni za nini? Tena, kwa vita vya sasa vya droni na simu, jenerali anakaa mjini kufanya nini wakati watoto wetu wako mlimani? – Mama wa Kamalondo

JIBU: Jambo Mama. Nianze na namba, maana ni rahisi. Tangu 2014 nchi yetu ya Kongo ina kanda tatu za ulinzi, na kila kanda ina rejioni zake, yaani maeneo ya kijeshi, kila moja na komanda wake. Tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili ni rejioni. Sisi wa Lubumbashi ni 22, Kivu Kusini, upande wa Bukavu, ni 33, Kivu Kaskazini, upande wa Goma, ni 34. Zamani Bukavu iliitwa rejioni ya 10.

Swali la pili limenigusa, kwa sababu nilikaa kwenye foni ya jeshi, ile redio ya kuitana, miaka mingi. Kila alfajiri niliita batalioni moja moja na kuandika kwenye daftari: wazima wangapi, wagonjwa wangapi, risasi, chakula. Siku moja sauti ilitoka mbali, imekwaruza: "Maharagwe, siku mbili." Niliandika 2, nikampelekea komanda. Hakuuliza adui yuko wapi. Aliuliza, "Nani ana lori lenye mafuta?"

Kazi ya rejioni ni hiyo, Mama. Inajua barabara ipi inapitika, mzinga uelekezwe wapi, majeruhi watolewe vipi, na nani aongee na gavana raia wanapokimbia. Droni haikuiondoa kazi hiyo, imeiongezea. Droni inaona lori barabarani, lakini ni la adui, la kwetu, au la mama anayepeleka mihogo sokoni? Lazima awepo mtu anayeweka pamoja picha ya droni, habari za foni na maneno ya wanakijiji kabla bomu halijaanguka. Huko Kivu jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa askari wanapigana bega kwa bega na Wazalendo, makundi ya wapiganaji wa kienyeji, na kila kundi lina mkubwa wake.

Amri ikigawanyika, mji unapotea. Mwaka 2004 naibu komanda wa rejioni ya 10, Kanali Jules Mutebutsi, aliasi dhidi ya mkubwa wake, Jenerali Mbuza Mabe. Laurent Nkunda, jenerali mwasi, akaja na watu wake kumsaidia Mutebutsi, na tarehe 2 Juni Bukavu ikawa mikononi mwao. Ufa ulianzia ndani ya ofisi ya rejioni yenyewe. Raia waliuawa na wanawake wakabakwa. Sitaacha kulisema hilo. Mwaka 2025 ilikuwa njia nyingine: tarehe 14 Februari waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, mlango wa angani wa Bukavu, na siku chache hazikupita mji nao ukaanguka.

Kwa hiyo namhitaji huyo jenerali wa mjini, tena namdai: lori lifike, amri iwe moja.

Mdogo wako akipiga simu, Mama, muulize kama amekula. Mahali alipo usimuulize.