Kofia Tatu Zilizonitoka Barabarani, na ya Nne Iliyokaa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Fundi, kofia ya gurudumu la gari langu la farasi inatoka kila baada ya safari mbili tatu. Nimeikaza mpaka spana imepinda. Nifanyeje?"

Ujumbe ule ulinikalia moyoni siku nzima. Spana iliyopinda naijua. Ninayo moja, nimeitundika ukutani juu ya jiliwa, na kila anayeingia karakana huniuliza kwa nini siitupi. Basi leo nitaeleza.

Kwa asiyejua: kitovu cha gurudumu la gari la farasi kina bushi ya chuma ndani yake, yaani bomba fupi, na bushi hiyo huzunguka juu ya ncha ya ekseli. Ekseli yenyewe haizunguki. Nati hukaa kwenye ncha ya ekseli kuzuia gurudumu lisichomoke, na pini hupita kwenye tundu la ekseli kuzuia nati isifunguke. Juu ya vyote hivyo huja kofia, ambayo hufungwa kwenye bushi. Kofia haishiki gurudumu. Kazi yake ni kutunza grisi ndani na kuzuia vumbi na maji nje. Ndiyo maana wengi huidharau, nami niliidharau.

Gari lililonifundisha lilikuwa la magurudumu manne, la kubebea watu kwenye sherehe. Mwenyewe aliniletea nilitengenezee kofia mpya za shaba ya manjano, zing'ae. Nilizikereza kwa siku sita. Zilikuwa nzito na nene, nyuzi zake za skrubu za hatua ya milimita 3, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, na nilizing'arisha mpaka uso wako ukaonekana ndani yake. Nilijivuna. Nilizipiga picha kabla sijazikabidhi.

Safari ya nne, kofia ya mbele kulia ikatoka. Hakuna aliyeiona ikianguka. Gari lilirudi gurudumu likilia, grisi imechanganyika na mchanga ikawa kama dawa ya kunolea. Mwenye gari alishuka, akasema mbele ya watu waliokuwepo kwamba mimi ni fundi wa kubahatisha. Sikujibu. Maneno yale bado yananiuma hata leo, kwa sababu siku sita zile sikubahatisha chochote.

Nikatengeneza nyingine, nzito zaidi, nikaikaza kwa spana niliyoirefusha kwa bomba. Hapo ndipo spana ilipopinda. Kofia ikakaa safari tano, ikatoka tena. Upande uleule, gurudumu lilelile.

Sasa nikaenda kwenye elimu. Kila fundi wa magari haya amefundishwa kwamba nati za upande wa kulia wa gari huwa na nyuzi za kulia, zinazokazika ukizizungusha kulia, na nati za upande wa kushoto huwa na nyuzi za kushoto, zinazokazika ukizizungusha kushoto. Sababu ni nzuri: gari likienda mbele, gurudumu hujaribu kuiburuta nati upande linakozunguka, na ukipanga nyuzi hivyo, mburuto huo huikaza badala ya kuifungua. Nikajiambia, kofia zangu zote nne zina nyuzi za kulia, kosa ndilo hilo. Upande wa kulia niliuacha kama ulivyo, nikaongeza nguvu tu. Upande wa kushoto, ambao haukuwahi kunisumbua hata siku moja, nikakereza upya ncha za bushi na kofia zake kwa nyuzi za kushoto.

Safari iliyofuata, kofia ya kushoto ikatoka.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana nikashindwa kufikiri. Kitu kilichokuwa kimekaa miezi yote, nimekigusa kwa kufuata kanuni sahihi, nacho kimeanguka.

Kilichofuata ndicho ninachokionea haya kuliko vyote. Nilizifunga kofia zote kwa gundi kali ya nyuzi. Na zikakaa! Mwenye gari akafurahi, akanilipa, akanitafutia hata wateja wawili. Miezi miwili baadaye alitaka magurudumu yapakwe grisi, na kofia hazikufunguka. Ilinibidi nizikate kwa msumeno. Nilipoikata ile ya mbele kulia nikaona vitu viwili vilivyonitoa jasho. Pini ilikuwa imelika, mguu mmoja haupo kabisa, wa pili umebaki mwembamba kama sindano. Na ndani ya kofia, katikati, palikuwa na mduara unaong'aa, umesuguliwa laini kuliko nilivyong'arisha nje.

Abiria walikuwa wamepanda gari lile siku iliyotangulia. Nati ilikuwa inashikwa na uzi wa chuma usiotosha kufungia mfuko. Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi.

Ule mduara ndio ulionipa jibu. Pini ilikuwa inagusa kofia. Ekseli imesimama, kofia inazunguka pamoja na gurudumu, na pale zinapogusana, ekseli inairudisha kofia nyuma. Kwa nati, gurudumu ndilo linaloiburuta na ekseli ndiyo inayoishika. Kwa kofia ni kinyume chake kabisa: gurudumu ndilo linaloishika na ekseli ndiyo inayoiburuta. Kwa hiyo nyuzi za kulia upande wa kulia, zinazookoa nati, ndizo zilizokuwa zikiifungua kofia yangu. Na upande wa kushoto ulikuwa salama muda wote ule kwa sababu nyuzi zake zilikuwa "za makosa", mpaka nilipozisahihisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa nini zigusane? Nyuma ya kitovu, kwenye bega la ekseli, huwa kuna washa ya ngozi, yaani pete bapa. Yangu ilikuwa imelika. Gurudumu likisukumwa kuelekea kwenye gari, tuseme kwenye kona, lilisogea ndani kuliko inavyopaswa, na kofia ikaikuta ncha ya pini. Gurudumu lile lina kipenyo cha mita 1, maana yake linazunguka mara 318 hivi katika kila kilomita. Hata mguso mdogo, ukirudiwa mara 318 kwa kilomita, utafungua kitu chochote utakachokikaza kwa mkono.

Sasa nakuja kwenye kofia ya nne, ambayo kwa kweli najivunia.

Kwanza niliipa nafasi. Gurudumu likiwa limesukumwa ndani mpaka mwisho, kati ya ncha ya pini na sakafu ya kofia kunabaki milimita 6. Pima hivyo, gurudumu likiwa ndani. Ukipima likiwa nje utajidanganya, kama nilivyojidanganya mimi.

Pili niliipunguza uzito, kutoka gramu 640 hadi 280. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza nyuzi zaidi ni mtikisiko wa pembeni, ule unaofanya nyuso zilizobanwa ziteleze moja juu ya nyingine, wala si mvuto unaofuata urefu wa skrubu. Kofia nzito kwenye barabara ya mawe ni nyundo inayojigonga yenyewe. Basi kabla ya nyuzi nilikereza ukingo laini unaoingia kwenye bushi kwa kubana, nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita tu, ili ukingo huo ubebe mitikisiko na nyuzi zibaki na kazi ya kukaza peke yake. Nyuzi nazo nikazifanya za hatua ya milimita 1.5. Mwinamo wake ni mdogo, kwa hiyo hazirudi nyuma kwa urahisi.

Tatu, na hapa ndipo nilipokesha, kufuli. Ukingo wa kofia una mapengo 12, na kwenye kitovu kuna pini ndogo ya springi inayodondokea ndani ya pengo mojawapo. Hatua ya milimita 1.5 ukigawanya kwa 12 unapata milimita 0.125, kwa hiyo kutoka pengo moja hadi jingine kofia inasogea kidogo mno, na washa nyingine ya ngozi, iliyo chini ya kofia, inaimeza tofauti hiyo. Unakaza kwa mkono na spana fupi, unasikia mlio, basi. Kuifungua unabonyeza pini kwa kidole.

Wazo la kutotegemea nyuzi peke yake si langu. Ekseli za Collinge, zilizoanza London mwishoni mwa karne ya 18, zina nati mbili za nyuzi zinazopingana, kisha pini, kisha kofia inayohifadhi mafuta. Watu wale walijua. Mimi nilikuwa na vitabu rafuni, nikakimbilia bomba la kurefushia spana.

Nimechora mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kofia hadi kitovu kwenye magurudumu yote manne. Msimu mzima umepita na mistari haijaachana hata kwa upana wa unywele. Jumamosi iliyopita mwenye gari alikuja, akainama, akaitazama mistari ile moja moja, akanipa mkono. Hakusema kitu kuhusu siku ile. Nilitamani aseme.

Vijana mnaoanza kazi hii, niwaambie kwa ukali kidogo: acheni gundi, acheni kuchomelea kofia. Kofia isiyofunguka inaficha pini, na pini ndiyo inayobeba uhai wa watu. Kofia ikitoka, usiikaze zaidi. Ikitoka mara ya pili, narudia, usiikaze zaidi. Keti, jiulize ni kipi kinazunguka na kipi kimesimama, na vinagusana wapi. Kukaza ni kazi ya mkono, na mkono hauwezi kukuonyesha mahali vinapogusana. Nimepoteza kofia tatu na heshima yangu mbele ya watu kwa kutotaka kukaa chini nusu saa.

Nawe uliyeniandikia: fungua kofia yako leo, uifute grisi, uimulike ndani. Ukikuta mduara unaong'aa, iache kofia kwanza. Badilisha pini siku hiyohiyo, kisha vua gurudumu uitazame washa ya ngozi nyuma ya kitovu.