Maswali na Majibu: Kuchagua na Kuandaa Bagi ya Mashindano

Maswali ya safari hii yanahusu bagi, yaani magari madogo ya mashindano ya umeme, yenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi, yanayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma na kuongozwa kwa rimoti. Bagi hizi huuzwa zikiwa vipande ndani ya boksi, na mnunuzi huziunganisha mwenyewe.

Klabu yetu hapa Leicester, Uingereza, hushindania ndani ya ukumbi, juu ya zulia. Duka limenionyesha matoleo mawili ya bagi moja, la zulia na la udongo, na la udongo limeshushwa bei. Nichukue lipi?

Chukua la zulia. Watengenezaji wakubwa wametenganisha matoleo haya kwa sababu za msingi: Team Associated walitoa RC10B6.4 kwa viwanja vyenye mshiko mkubwa na RC10B6.4D kwa udongo, XRAY wana XB2C na XB2D, na TLR waliitoa 22 5.0 kwa muundo wa AC wa zulia na nyasi bandia, na wa DC wa udongo. Kwenye udongo mkavu uliolegea, tatizo la dereva ni kupata mshiko wa nyuma, kwa hiyo uzito hupangwa uelemee magurudumu ya nyuma na springi huwa laini. Kwenye zulia mshiko ni mwingi mno, na gari linaloingia kwenye kona kwa kasi hupinduka badala ya kuteleza. Ndiyo maana utawaona madereva wa zulia wakipaka gundi ubavuni mwa matairi ya mbele ili kuupunguza mshiko, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza.

Historia ya bagi hizi inaonyesha jinsi uwanja unavyoamua umbo la gari. RC10 ya kwanza ya Team Associated, iliyotoka mwaka 1984 na kumpa dereva Jay Halsey ubingwa wa dunia mwaka 1985 huko Del Mar, California, ilikuwa na mota nyuma ya ekseli, kwa kuwa mashindano ya wakati ule yalikuwa ya vumbi. Viwanja vilipoanza kuwa na mshiko zaidi, mota ilisogezwa mbele ya ekseli, na hapo ndipo ilipo katika bagi karibu zote mpya za mashindano.

Hata hivyo, kabla ya kulipa, tazama wanaklabu wenzako wanaendesha gari gani. Mkono wa mbele wa gari, yaani kipande kinachoshikilia gurudumu, ukivunjika katikati ya mashindano, utakaokuokoa ni ule ulio kwenye sanduku la jirani yako, na huo utakufaa tu ikiwa magari yenu ni ya aina moja.

Niko Nairobi, na kaka yangu anayeishi Uingereza ataniletea seti ya bagi akija likizo. Nitaendeshea kiwanja cha murramu. Nimwagize nini kingine?

Kwa murramu, mwagize toleo la udongo. Jambo linalowakwaza wanunuzi wapya ni kwamba boksi la seti ya mashindano kwa kawaida halina rimoti na risiva yake, servo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele), kidhibiti mwendo, mota, pinyoni (gia ndogo ya kwenye mota), betri, chaja wala rangi ya bodi, na mara nyingi hata matairi hayamo. Kama fedha ni ndogo, anza na mota ya kawaida, lakini usibane kwenye servo, kwa maana servo isiyorudi katikati sawasawa huliyumbisha gari kwenye njia iliyonyooka, na hakuna marekebisho ya magurudumu yatakayoliponya.

Betri za litiamu zisizofungwa ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Kaka yako azibebe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri ya volti 7.4 yenye uwezo wa mAh 5,000 ni Wh (wati-saa) 37, chini sana ya kikomo cha kawaida cha ndege cha Wh 100.

Nimemaliza kuunganisha shokomzoba nne, lakini mbili za mbele hazirudi kwa kasi sawa. Je, ni za kutupa?

Hapana, zina hewa au kiasi tofauti cha mafuta. Fungua kifuniko, ongeza mafuta ya silikoni, kisha pandisha na kushusha pistoni polepole huku imezama, na uiache shokomzoba imesimama mpaka viputo viishe kabla ya kuifunga. Baada ya hapo zishike mbili mbili, uzibonyeze pamoja na kuziachia. Zikirudi kwa mwendo mmoja na kuishia urefu mmoja, kazi imekwisha. Nakuongezea jambo ambalo hukuliuliza: gundi ya kuzuia skrubu isilegee hutumika chuma kinapoingia kwenye chuma tu, kwa sababu inaweza kuipasua plastiki.

Bagi yangu inazunguka kila ninapotoka kwenye kona na kukanyaga mafuta. Nimeshabadilisha springi, mafuta ya shokomzoba na pembe za magurudumu, na sasa sijui hata nilianzia wapi.

Rudisha kila kitu kwenye vipimo vya kitabu kilichokuja na seti, uviandike kwenye karatasi, ndipo uanze upya kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila mzunguko wa betri. Cha kwanza kiwe matairi ya nyuma. Nimeona watu wakihangaika na springi jioni nzima ilhali vijino vya mpira vya tairi vimeshalika. Tairi sahihi kwa uwanja ule hufanya kazi kubwa kuliko marekebisho mengine yote yakiwekwa pamoja.

Matairi yakiwa mazuri na tatizo likabaki, pima kimo cha chasisi gari likiwa na betri ndani: milimita 20 hadi 25 ni mwanzo mzuri kwa udongo. Hakikisha magurudumu ya nyuma yameelekea ndani, kwa upande wake wa mbele, kwa digrii 3 hivi, na kwamba sehemu zake za juu zimelala ndani kwa digrii 1 au 2. Baada ya hapo sogeza betri nyuma, kama chasisi inaruhusu, kisha jaribu springi laini zaidi za nyuma. Tazama pia rimoti na kidhibiti mwendo, kwani vyote viwili vina mpangilio wa kuupunguza ukali wa mota inapoanza kuvuta, na kuupunguza hakugharimu hata senti moja. Kama gari linazunguka unapoachia mafuta na si unapokanyaga, chanzo ni kingine: punguza breki inayojishika yenyewe ukiachia mafuta, iliyowekwa kwenye kidhibiti mwendo.

Mota yenye kasi zaidi itanisaidia kushinda?

Kwa anayeanza, hapana. Mota ya mizunguko 17.5 ya waya inatosha, na kuna madaraja ya mashindano yaliyotengwa kwa ajili yake. Angalia uwiano wa gia badala yake. Gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinyoni, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani wa sanduku la gia: gia ya meno 78, pinyoni ya meno 24 na uwiano wa ndani wa 2.6 hutoa 8.45. Ongeza jino moja la pinyoni kwa wakati mmoja, na upime joto la mota mara tu gari linaposimama. Likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, rudi kwenye pinyoni uliyoitoa.