Siku 14 zimeisha na mkojo ni safi: niandike wamepona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mratibu wa mradi mdogo wa afya vijijini. Tuliweka kambi ya siku 14 kwa vijana wanaotumia heroini na vidonge vikali vya maumivu. Waliingia 48, wakamaliza 41, na wote 41 walipopimwa mkojo siku ya mwisho walikuwa safi, wakarudi makwao. Wafadhili wanataka asilimia ya mafanikio. Nimegawanya 41 kwa 48, nimepata asilimia 85. Mwenzangu anasema wale saba walioondoka wasiwemo kwenye hesabu kwa kuwa hawakupata tiba kamili. Nani yuko sahihi? Na je, watu 48 wanatosha kuchapisha utafiti? Nimepanga kuwapigia simu wote baada ya miezi mitatu.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwenye hesabu uko sahihi, mwenzako amekosea. Aliyeingia kambini anahesabiwa hata kama alitoroka usiku wa pili kwa arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa. Ukiwaondoa walioshindwa kuvumilia, watabaki waliovumilia tu, na asilimia yoyote utakayopata hapo haina kazi. Hilo limekwisha.

Kinachonisumbua mimi ni ile 41 uliyoiweka juu ya mstari. Watu hao 41 wamefaulu kitu gani? Wamekaa siku 14 bila heroini mahali ambapo heroini haikuwepo. Mkojo safi wa siku ya mwisho unakuambia kwamba ndani ya siku mbili tatu zilizopita hawakutumia, jambo ulilokuwa unalijua tayari kwa sababu walikuwa mbele ya macho yako. Kuhusu kupona haujakuambia lolote.

Karibu kila mwezi napokea barua ya namna hii, na karibu kila mara neno "wamepona" limo. Utanisamehe nikiandika kwa ukali. Ukali huu si juu yako.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kutazama kumbukumbu za kambi moja ya kijijini kama yenu. Msimamizi alinipa daftari la kurasa kubwa, mistari imechorwa kwa rula, na upande wa kulia kabisa kulikuwa na safu yenye kichwa "Amepona". Vema zilikuwa zimepangana kutoka juu hadi chini kwa wino wa bluu. Nikamwomba kijana aliyekuwa akiwapelekea chakula tupitie jina moja moja, aniambie huyu yuko wapi sasa. La kwanza, yuko mjini. La pili, hajulikani. La tatu, amerudia. Kwenye jina la saba alinyamaza, akaweka kidole juu ya ile vema, akasema, "Huyu tulimzika. Wiki ya pili baada ya kutoka hapa." Kwenye daftari alikuwa bado amepona, na kwenye ripoti iliyokwenda kwa wafadhili alihesabiwa katika mafanikio.

Kifo kile hakikuwa bahati mbaya. Mtu anayetumia heroini au dawa nyingine ya jamii ya afyuni kila siku, mwili wake huizoea kidogo kidogo, na sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi nayo huzoea. Dozi inayoweza kukuua wewe leo, yeye anaimeza na kuendelea na shughuli zake. Akikaa siku 14 bila kutumia, mazoea yale yanashuka haraka. Hamu haishuki pamoja nayo. Inaweza kumfuata kwa miezi na miaka. Anarudi kijijini, anakutana na rafiki yule yule na ugomvi ule ule wa nyumbani, siku moja anashindwa, na anachukua kipimo alichokizoea zamani. Pumzi inakatika.

Jijini London watafiti waliwafuatilia watu 137 waliolazwa kuondolewa afyuni mwilini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Ndani ya miezi minne watatu walikuwa wamekufa kwa kuzidisha dozi, na wote watatu walitoka katika kundi la watu 37 waliokamilisha matibabu. Yaani wale ambao mimi na wewe tungewawekea vema. Jimbo la Washington huko Marekani walipotazama wafungwa waliotoka gerezani, ripoti ya mwaka 2007, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi katika wiki mbili za kwanza ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine jimboni. Gereza nalo ni kambi ya kukaa bila dawa, tena ya muda mrefu kuliko yenu.

Kwa hiyo wale saba walioondoka mapema, ambao mwenzako anataka wafutwe, huenda leo wako salama zaidi kidogo kuliko wale 41. Sisemi watu watoroke. Nasema kambi inayomsafisha mtu mwili kisha ikamrudisha nyumbani mikono mitupu imemwongezea hatari.

Mikono mitupu maana yake bila dawa ya kuendelea nayo, kama methadoni au buprenofini. Najua nitajibiwa, kwa sababu najibiwa kila mara: "Methadoni si ni dawa ya kulevya tu kwa jina lingine? Tutakuwa tumemtoa shimo hili tukamtia lile." Hakuna sentensi katika kazi yangu iliyonigharimu wagonjwa wengi kama hiyo. Methadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Zinashika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na heroini, lakini polepole na kwa muda mrefu. Mgonjwa aliyewekewa dozi yake vizuri halewi, hapati arosto, na hashindi siku nzima akitafuta hela ya kete. Anaamka, anakwenda kazini. Tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa mwaka 2017, vifo kwa kila watu 1,000 kwa mwaka vilikuwa takriban 11 kwa waliokuwa ndani ya tiba ya methadoni, na 36 kwa waliokuwa wameiacha. Tofauti ya namna hii ingeonekana kwenye dawa ya kisukari, pasingekuwa na mtu wa kuuliza kama tunampa mgonjwa kitu cha kutegemea.

Sasa swali lako la ukubwa wa sampuli. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliobadilisha mawazo ya madaktari wengi, na ulikuwa na watu 40 tu. Wewe unao 48. Watu 20 walipewa buprenofini kila siku kwa mwaka mzima. Wengine 20 walipunguziwa dozi kwa siku sita, kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa. Nani yuko kundi lipi iliamuliwa kwa kura, na wote 40 walipata ushauri nasaha sawasawa. Baada ya mwaka, kundi la buprenofini lilikuwa bado na asilimia 75 ya watu wake kwenye matibabu. Kundi lile jingine halikuwa na hata mmoja, na wanne walikuwa wamekufa. Ushauri nasaha walikuwa nao, na bado.

Watafiti wale wa Sweden walikuwa na vitu vitatu ambavyo huna: kundi la kulinganisha, mwaka mzima wa kufuatilia, na jibu kuhusu kila mtu aliyeingia. Ukiwa na hivyo, 48 si haba. Ukivikosa, hata 4,800 hawatakusaidia. Ongeza na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, ambacho hukukitaja na ambacho huombwa kabla ya kukusanya taarifa za mtu yeyote.

Kupiga simu baada ya miezi mitatu hakutatosha, na vijijini hakutatosha zaidi. Aliyerudia kutumia ameshauza simu. Aliyekufa hapokei. Utawapata walio salama, kisha utaandika kwamba waliopatikana wote wako salama. Chukua leo majina ya watu wawili au watatu wanaomfahamu kila mshiriki, kwa ridhaa yake ya maandishi. Mfuate wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, halafu kila mwezi. Usiyempata, mwandike "hajulikani" na umbakize kwenye hesabu. Katika jedwali kuwe na safu ya vifo. Nimesoma ripoti nyingi za kambi ambazo hazina safu hiyo kabisa.

Jambo jingine la kijijini ambalo waliozoea miji hawalioni: siri. Mjini mtu anaingia kliniki hakuna anayemjua. Kijijini pikipiki ya mradi ikisimama mlangoni kwa mtu, jioni ukoo mzima una habari. Ndiyo maana rejista za vituo vya afya vijijini huonyesha watumiaji wawili watatu, na viongozi wakatulia. Wilaya ya Scott katika jimbo la Indiana, Marekani, ina wakazi wasiofika 25,000. Kwa miaka mingi visa vipya vya VVU havikuwa vikifika vitano kwa mwaka. Kwa anayetazama takwimu, palikuwa shwari. Kati ya Novemba 2014 na Novemba 2015 waligunduliwa watu 181, wengi wao wakiwa wamejidunga kidonge cha maumivu kiitwacho oksimofoni kwa sindano walizokuwa wakipokezana. Watumiaji walikuwepo siku zote, ila hawakuwa kwenye rejista ya mtu.

Kwa hiyo ukitaka kujua wako wangapi, usihesabu kituoni. Ipo njia ya watumiaji wenyewe kuwaleta wenzao kwa kuponi, iliyobuniwa mwaka 1997, na inafanya kazi. Kijijini anza na watu kadhaa wasiojuana, wa vitongoji tofauti, la sivyo utazunguka ndani ya kijiwe kimoja.

Niliahidi ukali, na haya hayakuhusu wewe. Popote penye umbali mrefu hadi kliniki, pana mtu anayejaza pengo hilo kwa biashara. Anatangaza "asilimia 95 wanapona kwa siku 21". Mwulize maswali mawili tu: asilimia 95 ya walioingia au ya waliomaliza, na ulipima siku gani? Sijakutana na mmoja aliyenijibu. Mwingine anawafunga watu minyororo na kuita tiba. Mwingine anauza unga wa kumwekea mlevi kwenye chakula kwa siri ili achukie pombe. Ndani ya "dawa za siri" za namna hiyo huweza kuwamo disalfiramu, ambayo ikikutana na pombe mwilini humfanya mtu atapike, moyo uende mbio, presha ishuke. Daktari huitoa kwa mgonjwa anayejua na aliyekubali, na hata hivyo kwa tahadhari. Kumpa mtu asiyejua ni kumtegea sumu.

Na pombe ina lake. Arosto ya heroini inatesa kupita kiasi, lakini peke yake ni nadra kuua mtu mwenye afya ambaye anapata maji. Kuacha ghafla pombe kwa mtu aliyeizoea kila siku kunaweza kuua: degedege, kuchanganyikiwa, kutetemeka, homa, ndani ya siku chache za mwanzo. Huyo anahitaji dawa za kutuliza, vitamini B1 na mtu wa kumwangalia usiku. Makambi yanayowafungia chumba kimoja walevi na watumiaji wa heroini na kuwapa mchanganyiko uleule wa mizizi hayajui hata tofauti hiyo.

Wafadhili nao wanachangia. Wanataka namba nzuri kabla mwaka wa fedha haujafungwa, na mratibu anawapa ile inayopatikana. Marekani walifanya utafiti mkubwa katika jamii 67 za majimbo manne, mjini na vijijini, kwa fedha nyingi sana, wakilenga kupunguza vifo vya afyuni. Mwaka 2024 walichapisha kwamba tofauti waliyoipata haikutosha kusemwa kuwa ni ya kweli. Waliandika hivyo hivyo, na hakuna aliyewafukuza. Wewe pia unaweza kuandika: "Watu 48 waliingia, 41 walikamilisha siku 14. Matokeo ya tiba bado hayajapimwa." Kisanduku cha "waliopona" kiache kitupu.

Ripoti lakini inaweza kungoja. Wale 41 wameshatoka. Watafuteni wiki hii, msingoje miezi mitatu. Mweleze kila mmoja, na anayeishi naye, kwamba dozi ya zamani sasa inaweza kumuua, na kwamba akitumia asiwe peke yake. Pelekeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, ya puani au ya sindano, mkawafundishe wa nyumbani: akikutwa hazinduki, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma au hapumui, wampe naloksoni, wampulizie pumzi, waite msaada, na wasimwache, maana naloksoni huisha nguvu baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu na mtu anaweza kuzama tena. Ulizeni kliniki iliyo karibu inayotoa methadoni au buprenofini; hata aliyekwisha kupita arosto anaweza kuanzishwa, kwa dozi ndogo na chini ya uangalizi. Anzeni na anayekaa mbali zaidi na barabara.