Mwisho wa Mei, nendeni Joshua Tree

Dada, umeuliza: wewe na mumeo mtakuwa California mwisho wa Mei, siku tatu za kutembea kwa miguu, mwende Death Valley au Joshua Tree, hifadhi mbili za jangwani? Kwa mwezi huo, Joshua Tree, wala usisite.

Death Valley pazuri mno, sikatai. Pale Badwater unasimama mita 86 chini ya usawa wa bahari, juu ya chumvi nyeupe kama ya mashamba ya chumvi ya Gongoni. Lakini ndiko kulikopimwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi mwaka 1913, na Mei ikiisha bondeni huwa kumeshawaka. Kuwekeni Desemba au Januari.

Joshua Tree, upande wa magharibi, ardhi imeinuka zaidi ya mita 900, kwa hiyo kuna nafuu. Pandeni Ryan Mountain, kama kilomita 5 kwenda na kurudi. Mwanze kunapopambazuka; saa nne muwe mmeshateremka.

Jasho ndilo linalonitia hofu zaidi. Sisi wa Malindi joto letu ni la unyevu: shati linagandana na mgongo, mwili wenyewe unakukumbusha kunywa. Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona, ukipapasa shavu unakuta chembechembe za chumvi tu. Kila mtu abebe lita 4 kwa siku, na mnunue mjini, maana ndani ya hifadhi maji ni adimu.

Kabla ya safari nendeni Marafa, mteremke korongo la Nyari na viatu vile vile mtakavyosafiri navyo. Mimi ni pale nilipogundua vyangu vinabana vidole kwenye mteremko.