Usibandike sponji mpya juu ya gundi ya zamani

Juzi kijana mmoja wa Ujiji kanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Sponji ya ndani ya boti yangu ya faiba imeanza kuning'inia. Fundi anasema tubandike mpya juu kwa juu, siku moja kazi imekwisha. Unanishauri nini?" Niliusoma mara tatu. Maneno ya fundi wake ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi.

Boti yangu nayo ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu, na inabeba wageni kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda hifadhi ya Gombe. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na kibanda chake kilikuwa kimevikwa sponji yenye kitambaa cha plastiki, dari na kuta. Ikazeeka. Ukiigusa inamwaga unga wa njano unaoganda kwenye jasho. Fundi akaja na kopo la gundi, akapaka juu ya uchafu ule ule, akabandika sponji mpya. Ikapendeza kweli, nikapiga na picha.

Haikufika miezi mitatu. Mchana wa Septemba, jua kali, tuko katikati ya safari, dari yote ikashuka taratibu juu ya vichwa vya abiria wanne. Unga wa sponji ya zamani ukamwingia machoni mama mmoja mtu mzima. Nilimnawisha kwa maji ya kunywa huku mikono inanitetemeka. Kampuni iliyokuwa ikinipa wageni haikunigombeza. Iliacha kupiga simu, basi. Mpaka leo nikiona wageni wao wanapanda boti ya mwingine pale Kibirizi, moyo unaniuma.

Gundi mpya haikuwa na kosa. Ilishika vizuri sana, ila ilichoshika ni sponji iliyooza, na sponji iliyooza haikuwa imeshika kitu.

Nikaivuta boti mchangani, nikamwita mtoto wa dada yangu, tukaanza upya. Siku 11. Sponji yenyewe ilitoka kwa siku mbili tu, kwa mkono na kwa kikwangulio cha plastiki. Cha chuma tulikiweka kando baada ya kuchimba faiba mahali pawili. Chini ya sponji, kuzunguka skrubu za vishikio vya juu, tukakuta maji. Yalikuwa yakipenya pale muda mrefu na hakuna aliyejua, kwa sababu sponji ilikuwa inayanywa.

Gundi ndiyo iliyotutoa jasho. Ndani ya boti nyingi faiba haijalainishwa, nyuzi zake unaziona na kuzihisi kwa kidole, na gundi imezama kwenye nyuzi hizo, ya kahawia, inavutika kama ubani uliotafunwa. Mimi nilikimbilia msasa. Kosa. Msasa ukizungushwa kwa mashine unapata joto, gundi inayeyuka, na karatasi inajaa ndani ya dakika moja. Nilimaliza msasa wa wiki nzima kwa asubuhi moja.

Kilichofanya kazi ni asetoni, kimiminika kinachoyeyusha gundi, na subira. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Lowesha kitambaa, kibandike kwenye eneo la ukubwa wa sahani, funika na nailoni ili isikauke, subiri dakika chache, kisha kwangua na ufute kwa kitambaa safi. Usiiache ikae muda mrefu, nayo faiba inaweza kulainika. Dawa kali za kung'olea rangi ya chuma usizilete kabisa, zinakula faiba. Alfajiri, kukiwa na baridi, gundi nene inakuwa ngumu na inabanduka vipande. Saa saba mchana inapakaa tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watakwambia tumia petroli, ni rahisi na ipo kila kona. Kataa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya sakafu ya boti, huko huko zilikopita nyaya za pampu. Asetoni nayo inashika moto upesi. Toa betri, fungua madirisha na mlango, mimina kidogo kidogo kwenye kopo dogo, asiwepo mwenye sigara wala mashine inayotoa cheche. Kichwa kikianza kuuma, toka nje. Kazi ya boti haijawahi kuwa na thamani ya mapafu ya mtoto wa mtu.

Unga wa faiba unawasha: vaa nguo ya mikono mirefu, barakoa nzuri, miwani, na kuoga maji ya baridi. Gundi iliyoganda vidoleni tuliitoa kwa mawese kisha sabuni. Lakini mawese yasiguse boti, maana penye mafuta hapashiki rangi wala gundi.

Usitafute faiba nyeupe kama sahani mpya. Madoa yatabaki. Bonyeza dole gumba: lisiponata, hapo ndipo msasa namba 80 unapoingia, kisha sabuni na maji safi, kisha boti ikauke kabisa. Skrubu zinazovuja zizibe kabla ya yote. Mimi sikurudisha sponji darini. Nilipaka rangi nyeupe, na maji yakipenya nayaona siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu wa Ujiji, mwambie fundi wako aweke kopo chini kwanza. Kila asubuhi kabla ya saa moja niko Kibirizi. Njoo naye, mpitishe mkono kwenye dari yangu.