Manjano ya chai si uzee wa kadi

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mimi niko Chake Chake. Mwezi uliopita nilikwenda Unguja, nikanunua Mji Mkongwe kadi tano za posta za zamani kwa shilingi laki mbili na nusu, na ya sita muuzaji akanipa nyongeza. Nimezipima kwa rula: nne ni sentimita 10 kwa 15, mbili ni 9 kwa 14. Zile kubwa ni za manjano, zina madoa na makunjo. Moja yao inaonyesha jumba la Beit al-Ajaib bado halina mnara, na nyuma ina mstari katikati, huku maandishi na huku anwani. Nikaambiwa ni ya 1895. Kati ya zile ndogo, moja ina stempu ya Sultani ya senti 6, na mtu kaandika "1905" kwa penseli. Ya nyongeza ni nyeupe, safi, haina doa hata moja, ila ukiiinamisha mwangani sehemu zake nyeusi za pembeni zinang'aa kama fedha. Mjomba wangu kazinusa zote, akatia mate kidoleni akasugua kona, akasema kubwa ndizo za kweli na hiyo nyeupe ni ya juzi. Nataka kuzitia fremu niziweke dukani kwangu. Je, nimepigwa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Umepigwa, lakini si kwa kadi unazodhani. Na mjomba, pamoja na heshima zake zote, mpe kahawa akae mbali na hizo kadi.

Nianze na hilo la mate, maana linanikera kuliko jingine lolote. Kadi nyingi za zamani zenye rangi zilipakwa rangi kwa mkono juu ya picha ya rangi moja, na rangi zile ni za maji. Kidole kibichi kikipita, bahari ya Forodhani inahamia kwenye kanzu ya mtu. Nayajua haya kwa sababu ujanani, kabla sijafunzwa kazi hii, nilimharibia bwana mmoja kadi yake ya kweli kabisa kwa kumwonyesha mbele ya watu jinsi ya "kupima". Alinisamehe. Ile kadi mpaka leo ina alama ya kidole changu cha shahada. Kwa hiyo mtu akikwambia mate, ndimu, tone la maji au kuchoma kona kidogo, ujue ana hila tu.

Sasa manjano. Sijui nani aliyetufundisha kwamba kitu cha zamani lazima kiwe kichafu. Kadi ya 1910 ilinunuliwa na abiria wa meli, ikapelekwa Ulaya, ikatiwa ndani ya albamu, albamu ikafungwa kabatini. Miaka mia moja haikuona jua wala chumvi ya bahari. Ikirudi leo ni nyeupe kama kanzu ya Idi. Pengine ina pembetatu nne zilizopauka kwenye kona, pale iliposhikwa na vishikizo vya albamu, basi. Hiyo ndiyo sura ya uzee niliyoiona mara nyingi zaidi kuliko madoa.

Kadi ya manjano, kinyume chake, hupikwa. Huhitaji karakana: sinia, chai ya rangi iliyokolea, karatasi ikalala humo dakika chache, kisha ikaanikwa. Ukitaka kumkamata mpishi, usitazame uso wa kadi, tazama ubavu wake, pale ilipokatwa. Chai huingia kwa nguvu kwenye nyuzi zilizokatwa, kwa hiyo ukingo unakuwa umekoza kuliko uso. Halafu mbele na nyuma rangi inalingana sawasawa, kwa sababu sinia halina upande. Karatasi iliyozeeka yenyewe haizeeki hivyo: huanza kuiva pembezoni ikaingia ndani polepole, upande uliokuwa ukipigwa na mwanga unatofautiana na uliolala, na vidoa vya unyevu vinatokea popote vilipopenda. Kama doa lina mstari wa mawimbi kama alama ya maji kujaa na kutoka ufukweni, hapo kioevu kilitulia kikakauka. Kinaweza kuwa mvua ya masika iliyovuja juu ya dari, kweli. Lakini kadi nne kutoka mkono mmoja, zote zenye mstari uleule mahali pamoja, mvua gani hiyo yenye shabaha?

Makunjo nayo yana kesi yake. Fumba macho, pitisha ukucha taratibu juu ya kunjo. Kunjo la kweli utalisikia, kwa sababu nyuzi za karatasi zimevunjika na wino umebanduka kidogo. Nimeshikishwa kadi nyingi ambazo kunjo linaonekana kwa jicho na ukucha hausikii kitu, unateleza kama juu ya kioo. Maana yake mtu alichukua kadi ya kweli iliyokunjika, akaiskani, akachapisha picha ya kunjo. Na amechapisha pamoja nalo madoa, mwandiko wa mtu, stempu, muhuri wa posta, hata jina la mpiga picha. Ndiyo maana nikiambiwa "lakini imeandikwa A. C. Gomes hapa chini" sistuki. Gomes alikuwa na studio yake kweli hapa Unguja, lakini skana inanakili jina kama inavyonakili mnazi.

Dawa ya hayo ni kioo kidogo cha sonara, kile cha kukuza mara 10. Kopa kwa sonara yeyote hapo Chake, hatakunyima. Weka jicho karibu, kiegemeze kioo juu ya anga ya picha au juu ya ukuta mweupe. Hapa watu wengine wanakosea kwa upande wa pili: wakiona vitone tu, wanapiga kelele "bandia!" Vitone vilikuwepo katika uchapaji hata kabla ya 1900. Unachotafuta ni rangi ya vitone. Picha ya kahawia ya zamani ilichapishwa kwa wino wa kahawia. Vitone vyake vyote ni kahawia, au havipo kabisa na badala yake utaona punje ndogo zilizojikunja kama ngozi ya mgongo wa mkono. Hiyo ya pili ni kolotaipu, namna ya zamani ya kuchapa picha bila vitone, na ni nzuri kuitazama, wallahi. Lakini ukiona ile kahawia inasambaratika kuwa vitone vya samawati, vyekundu vya waridi, vya manjano na vyeusi, basi hiyo ni mashine ya leo inayotengeneza kahawia kwa kuchanganya rangi nne. Hakuna mchapaji wa mwaka 1905 aliyejisumbua namna hiyo ili apate picha ya rangi moja.

Cha pili ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha weupe, na chini ya taa hiyo zinawaka buluu-nyeupe kama shati la mwanafunzi lililofuliwa vizuri. Karatasi ya kabla ya hapo inabaki imetulia. Chai inaweza kuufifisha mng'ao, kwa hiyo kagua zaidi ya sehemu moja. Na kutowaka peke yake si hati ya uhalali. Wapo wanaochapisha juu ya kurasa tupu zilizochanwa kwenye vitabu vya zamani.

Turudi kwenye kadi zako. Sentimita 9 kwa 14 ndicho kipimo cha kawaida cha kadi za mwanzo wa karne ya 20. Sentimita 10 kwa 15 ni kipimo cha karatasi ya picha unayosafishiwa leo studio yoyote. Kwa kuwa vipimo hivi viwili havilingani kwa uwiano, anayenakili lazima akate mahali au aache ukingo. Angalia kama maelezo ya chini ya picha yamekatwa miguu. Hizo nne, kwa kipimo tu, sikuwa na haja ya kuuliza rangi yake.

Na hiyo ya Beit al-Ajaib ina kosa tamu zaidi. Picha yenyewe inawezekana kabisa ni ya kabla ya 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoyapiga mizinga majumba ya Sultani. Mnara wa zamani ulisimama peke yake mbele ya jumba. Baada ya vita ndipo mnara ukajengwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib, huohuo uliotuangukia Disemba 2020. Lakini umri wa picha si umri wa kadi. Nyuma una mstari wa katikati. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, salamu ukizibananisha mbele pembeni ya picha. Uingereza iliruhusu kugawa nyuma mwaka 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi ya 1895 yenye mstari huo ni sawa na picha ya Sultan Barghash ameshika simu ya mkononi.

Ndogo yenye stempu: "1905" ya penseli ifute akilini, usiifute kwenye kadi. Stempu za Zanzibar zilikuja kuandikwa senti mwaka 1908, zama za Sultan Ali bin Hamud. Kabla yake zilikuwa za anna. Aliyeandika 1905 alibahatisha, ila kubahatisha kwake hakuifanyi kadi kuwa bandia. Tazama muhuri wa posta: je, duara lake linaanzia juu ya stempu na kuendelea juu ya karatasi bila kukatika? Kama linaishia ukingoni mwa stempu, stempu ilibanduliwa kwingine ikabandikwa hapo.

Na hiyo nyeupe, ya bure, aliyoikataa mjomba? Huo mng'ao wa fedha kwenye weusi ni fedha kweli. Picha za zamani zilizosafishwa kwa dawa ya fedha, miaka ikipita, fedha hupanda juu kwenye sehemu za giza, hasa pembeni. Sijaona aliyeweza kuupika kwa chai. Kwa maelezo yako, katika laki mbili na nusu yako hiyo ndiyo kadi ninayoitamani.

Kuuza nakala si dhambi. Mji Mkongwe wapo wanaouza nakala na wanakwambia ni nakala, bei ya nakala, na ukutani zinapendeza. Ninaogombana nao ni wale wanaozipitisha mkono wa pili na wa tatu mpaka neno "nakala" linaanguka njiani; na hawaishii kwenye kadi. Masanduku ya njumu yamepigwa msumari jana na kusuguliwa kwa kiwi, yanaitwa ya babu. Mnunuzi anatafuta vumbi, basi anauziwa vumbi. Huku ndani ya nyumba zetu bibi akifariki, albamu zake safi zinatupwa kwa kuwa "hizi za juzi tu".

Kwa hiyo nne kubwa zitie fremu dukani, ziandike nakala. Mbili ndogo zitie kila moja kwenye bahasha ya karatasi, kavu, mbali na ukuta unaotoa chumvi, na usizibandike gundi wala selotepu. Na kijana wa steshenari akikushauri uzipitishe kwenye mashine ya lamineshini ili zisiharibike, toka dukani kwake. Mwaka jana nililetewa picha ya harusi ya zama za Sultan Khalifa, imefungwa ndani ya plastiki ya moto pande zote mbili, na mwenyewe akaniuliza kama naweza kuitoa.