Mtoto njiti, ubongo wake na mishipa inayochipua: niliyojifunza kando ya inkubeta

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 29. Siku ya tatu nilifika wodini na simu yenye nyimbo nilizokuwa nikimwimbia akiwa tumboni, nikaiegesha juu ya inkubeta. Nilishasikia mara nyingi kwamba ubongo wa mtoto hukua kwa kuchangamshwa, nami niliona kwa kuwa wangu ametoka mapema, basi nimfidie kwa kumchangamsha zaidi. Nesi wa zamu aliichukua simu taratibu, akanirudishia mkononi, akasema, "Mama, huyu bado anajengwa. Tumpe utulivu." Kisha akafunga kidirisha cha inkubeta kwa namna ambayo sijaisahau: alitanguliza kiganja kati ya kidirisha na fremu, akakisindikiza mpaka kikabana bila kutoa mlio.

Niliumia moyoni. Nilitaka kujua kwa nini wimbo wa mama uonekane kero, na kutafuta jibu hilo ndiko kulikonifikisha kwenye habari ya mishipa ya damu.

Ubongo hauanzi na mishipa yake ndani. Mwanzoni mishipa hutanda juu ya uso wake tu, kisha huchipua na kupenya kuelekea ndani. Kinachoivuta ni uhitaji wenyewe: seli zinapofanya kazi na oksijeni ikapungua, hutolewa protini iitwayo VEGF, na ncha ya mshipa huifuata kama mzizi unavyofuata unyevu. Ndiyo maana kazi ya ubongo na ukuaji wa mishipa haviachani. Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake akiwa amepumzika. Kwa mtoto mdogo mgawo huo ni mkubwa zaidi, na barabara za kuufikisha ndiyo kwanza zinachongwa.

Mwaka 1987 William Greenough na wenzake walionyesha kuwa panya wenye umri mdogo waliolelewa pamoja, kwenye vizimba vyenye vitu vya kuchezea, waliota kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingi zaidi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona kuliko waliolelewa peke yao kwenye vizimba vitupu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakaona jambo la aina hiyohiyo kwenye sharubu za panya: sharubu zikiondolewa, mishipa hupungua katika eneo la ubongo linalozipokea habari zake, zikichokozwa, huongezeka. Hapo ningeweza kusema, basi simu yangu ilikuwa na haki.

Lakini mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani pia, walitoa upande wa pili. Waliwapa panya wachanga kichocheo kikali kisichokatika: sauti za kujirudia, sharubu kuchezewa mfululizo, mazoezi ya kupita kiasi, hata degedege. Mishipa iliacha kuchipua. Usumbufu ulipodumu katika kipindi hicho cha mwanzo, panya hao waliendelea kuwa na mishipa michache hata walipokua. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Panya si mtoto wa mtu, na hakuna aliyethibitisha kuwa wimbo wa simu huharibu mishipa ya kichanga. Ila mimi sikuhitaji uthibitisho zaidi ili kupunguza sauti.

Kuna jambo jingine. Kwa mtu mzima, sehemu ya ubongo ikianza kazi, damu huongezeka hapo ndani ya sekunde chache. Katika panya wachanga kabisa, maabara ya mtafiti Elizabeth Hillman pale Chuo Kikuu cha Columbia iliona kuwa ongezeko hilo halipo bado, hukomaa polepole. Yaani seli inaweza kuitisha kabla njia ya kuihudumia haijakamilika.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu uliye na njiti wodini, haya ndiyo ningekuambia tungeketi benchi moja. Sauti yako mpe, lakini kwa kunong'ona, ukiwa karibu, kisha unyamaze. Akikunja uso, akitandaza vidole au akigeuza kichwa pembeni, ameshiba; muache. Usiweke kitu juu ya inkubeta wala kuigonga kwa vidole, kwa sababu ndani yake mlio huo husikika mkubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza mwaka 1997 kelele za wodi hizi zisizidi desibeli 45, ambazo ni kama mazungumzo ya chini.

Katika saa 72 za kwanza uwe mwangalifu zaidi. Karibu na vyumba vya maji vya ubongo wa njiti kuna mishipa myembamba mno, na damu ikivuja ndani ya ubongo, mara nyingi huvuja katika siku hizo. Nesi alinifundisha kubadilisha nepi kwa kumlaza ubavu kidogo, bila kumnyanyua miguu juu, ili damu isikimbilie kichwani ghafla.

Na mwombe daktari akuruhusu kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema kadiri inavyowezekana, saa 8 hadi 24 kwa siku. Hicho ndicho kichangamsho nilichokuwa nikikitafuta kwenye simu: mapigo ya moyo, joto, harufu, pumzi. Binti yangu alipolala kifuani, namba ya oksijeni iliyokuwa ikipanda na kushuka siku nzima ilitulia.

Usisahau macho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya ubongo iliyotokeza nje, na mishipa yake huanzia katikati ikitambaa kuelekea pembeni, ikimaliza safari karibu na wiki ya 40 ya mimba. Oksijeni ikizidi, mishipa husimama. Baadaye huweza kuota hovyo na kuivuta retina. Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya njiti walipofuka kwa kupewa oksijeni bila kipimo. Kipimo cha kwanza cha macho kwa kawaida huwa kati ya wiki ya 4 na ya 6 baada ya kuzaliwa. Sisi tuliruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kututajia tarehe. Niliuliza mwenyewe mlangoni, begi likiwa tayari begani. Uliza, na uiandike.

Tulirudi mara nne. Mara ya nne daktari alizima taa, akainama juu yake kwa muda, akainuka na kusema, "Mishipa imefika ukingoni, pande zote."